Pete Iliyopita Mvinjeni

Hapo zamani, zamani ya karibu, wakati vibaka walikuwa wameshajua kupanda pikipiki lakini bado waliona haya mbele ya mama zao, palikuwa na mji mmoja uliokatwa katikati na soko. Soko lenyewe liliitwa Mvinjeni. Ukikaa upande wa juu na shemeji yako akakaa upande wa chini, hukuwa na njia ya kumfikia ila kupita Mvinjeni, na kupita Mvinjeni ulikuwa mtihani.

Nyamazeni huko nyuma, nasimulia.

Wanaume wa mji ule walivaa mabegi kifuani kama wanaobeba watoto. Wanawake walificha simu mahali ambapo, simu ikiita, iliwabidi wageukie ukutani kwanza ndipo wapokee. Mzee mmoja aliweka kitambulisho chake ndani ya soksi, na soksi ndani ya kiatu, na siku moja akafika nyumbani na kiatu kimoja. Mimi mwenyewe ninayewasimulia nimeibiwa pale simu mbili, na mwavuli. Mwavuli ulikuwa umefunguliwa, mvua inanyesha, nimeushika kwa mkono. Msiniulize vipi.

Basi, upande wa juu alikaa kijana mmoja, Shafii, fundi cherehani. Alimpenda Nasra wa upande wa chini, na Nasra alimpenda yeye. Nasra alilelewa na bibi yake, Bibi Mize, na katika nyumba ile neno la Bibi Mize ndilo lililokuwa la mwisho. Sasa huyu Bibi Mize alikuwa na shoga yake wa tangu utotoni, naye ndiye bibi yake Shafii, Mungu amrehemu. Marehemu aliacha pete ya dhahabu yenye kijiwe chekundu, na kwa ndani imechorwa nyota ndogo.

Bibi Mize akasema, "Nasra atavishwa pete ya shoga yangu, si nyingine. Naijua pete ile kama ninavyoyajua meno yangu yaliyobaki. Iletwe Ijumaa, kabla ya adhana ya alasiri. Adhana ikinikuta mikono mitupu, wazee wa yule mwenye duka la magodoro anayemposa pia watakuwa wamekaa barazani, nitawaambia waingie."

Nasra akalia siku mbili. Shafii akashona suruali ya mteja miguu yote miwili upande mmoja.

Na mji ule ulikuwa na desturi yake. Pete ya posa haikufichwa. Ilibebwa kwa miguu, juu ya sinia lililojaa asumini, bila kawa, bila kitambaa, na wanawake watatu wa upande wa mume, kwa nyimbo, ili kila aliye njiani aione na awe shahidi. Desturi hiyo iliwekwa na wazee ambao hawakuwahi kuibiwa mwavuli.

Ijumaa ikafika. Bi Zamda, mama yake Shafii, akaita wanawake watatu. Akamwita Mwanahawa, wifi yake, shangazi yake Shafii. Akamwita Saumu, mdogo wake wa tumbo moja. Akamwita Tunu, binti yake mkubwa, mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, ambaye shule yake ilikuwa imeuza kengele kwa kuwa yeye yupo. Akanyanyua mkono mbele ya majirani wote, akaapa:

"Wallahi, atakayeifikisha pete hii mkononi mwa Bibi Mize, mjukuu wangu wa kwanza wa kike atachukua jina lake. Nimesema mimi Zamda, na mnisute nikirudi nyuma."

Atakayeifikisha. Lishikeni neno hilo, nitakuja kulidai.

Wale wanawake watatu kila mmoja alikuwa na kinga yake ya wezi. Shangazi Mwanahawa alisema, "Mwizi haibi asichokiona." Saumu alisema, "Mwizi hamwibii anayemjulia hali." Tunu alisema, "Mwizi anaogopa kelele." Na kosa lao lilikuwa moja, kosa la watu wa ukoo wenye akili nyingi: kila mtu alitumia akili yake, wala hakumwambia mwenzake.

Mwanahawa alilichukua sinia chumbani, ati analinyunyizia marashi. Kule ndani akaiondoa pete ya dhahabu, akaweka juu ya asumini pete ya shaba iliyokuwa ikishikilia pazia la dirisha lake, ameisugua kwa ndimu na jivu mpaka inang'aa kuliko ya kweli. Ile ya kweli akaifunga kwenye kitambaa, kitambaa akakitia mkobani, mkoba akaubana kwapani. Akatoka anatabasamu. Tunu akajitwika sinia, na msafara ukaondoka.

Wakaingia Mvinjeni.

Tunu akaimba: "Dhahabu yapita, dhahabu! Pete ya bibi, dhahabu!" Wachuuzi mia tatu wakasikia. Wakasikia pia wale ambao hawakuja kuuza kitu wala kununua.

Saumu akasalimia. "Muuza nyanya, hujambo? Mguu wa mama umepoa? Na wewe wa mkaa, mtoto kaota jino?" Kila hatua tatu akasimama, na akisimama yeye msafara wote umesimama.

Na Mwanahawa akagusa mkoba. Hatua tano, anagusa mkoba. Hatua tano nyingine, anagusa tena, kuhakikisha. Hakuna aliyemchongea Mwanahawa siku ile, mkono wake mwenyewe ndio uliomchongea.

Mwizi wa kwanza alikuwa kwenye nguo za mitumba. Ulitokea mkono tu, katikati ya suruali zilizotundikwa, ukapita juu ya sinia, na pete ya pazia ikawa haipo. Tunu hakujua, sinia liko kichwani, anaimba. Saumu hakujua, anauliza habari za jino. Mwanahawa aliona, akacheka moyoni. "Kafunge pazia, mwanangu," alisema kimoyomoyo, kisha akagusa mkoba.

Mwizi wa pili alikuwa Kidawa. Kidawa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, baibui safi, sauti ya chini, na wembe katikati ya vidole viwili. Aliuona mkono wa Mwanahawa ukigusa mara ya kwanza, akauona mara ya pili, mara ya tatu hakungoja. Saumu aliposimama kumuuliza muuza dagaa habari za mjomba wake, Kidawa akapita nyuma ya Mwanahawa kama anayetafuta bamia. Wembe ukauchana mkoba chini. Kitambaa kikatoka, kikaingia kifuani kwa Kidawa. Hatua tano, Mwanahawa akagusa. Mkoba upo. Alhamdulillahi.

Mwizi wa tatu walikuwa wawili, juu ya pikipiki, na helmeti. Wakaja na mlio mmoja, mkono mmoja ukanyooka, na mkoba ukaondoka na mkanda wake. Mwanahawa akabaki amebana hewa kwapani.

"Pete!" akapiga yowe. "Jamani, wamechukua pete!"

Tunu akashusha sinia. "Shangazi, pete si hii hapa?" Akapekua asumini. Akapekua tena. "Iko wapi?"

"Hiyo ilikuwa ya pazia!"

"Pazia gani?"

"La chumbani kwangu!"

Mimi nimecheka hapo kila ninaposimulia, lakini wao hawakucheka. Ilibaki kama robo saa adhana ya alasiri iadhiniwe. Tunu aliikimbiza pikipiki kwa miguu mpaka kwenye kona, akarudi anahema. Mwanahawa alikaa juu ya gunia la vitunguu akilia, na ukichanganya kilio na vitunguu, hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Akaona sura ya Shafii, akaona sura ya Nasra, akaona magodoro.

Saumu naye alikuwa na machozi, ila mazoea yana taabu. Akageuka, na mtu wa kwanza aliyemwona akamsalimia. Mtu huyo alikuwa Kidawa. Alikuwa amesimama palepale tangu aliposikia neno "pete," ameshika kifua.

"Kidawa mwanangu, hujambo?"

Kidawa akashtuka. Mvinjeni, watu waliolijua jina lake walivuka njia wakimwona. Saumu peke yake ndiye aliyekuwa akimwita na kumjulia hali, mwaka wa tatu sasa, na mara mojamoja akimpelekea uji mama yake asiyeona.

"Sijambo. Shikamoo, Mama Saumu."

"Marahaba. Macho ya mama yanaendeleaje?"

"Ni yaleyale."

"Mungu yupo. Sisi tumeharibikiwa, mwanangu. Tumeibiwa pete ya posa, Shafii wetu hana mke tena. Basi nisalimie mama, mwambie Jumapili nitamletea ndizi mbivu."

Kidawa akatazama kushoto, akatazama kulia. Akatia mkono kifuani, akatoa kitambaa.

"Mama Saumu," akasema, "mimi nimeiokota."

Mwanahawa akainua kichwa kwenye vitunguu. "Umeiokota wapi?"

"Ndani ya mkoba," akasema Kidawa, kwa sababu hakuwa amezoea kumdanganya mtu aliyemsalimia.

Je, Saumu alijua toka mwanzo kwamba Kidawa ndiye aliyenayo? Wapo wanaosema alijua, wapo wanaosema angemsalimia hata nguzo ya umeme. Mimi siingilii.

Lakini neno "ndani ya mkoba" lilisikiwa na muuza dagaa. "Mwizi!" akapaza sauti. Na Mvinjeni neno hilo halitaki shahidi. Watu ambao pikipiki ilipita mbele ya pua zao bila hata kunyanyua fagio, sasa wote wakawa mashujaa. Huyu ana jiwe, huyu ana rungu, na mmoja amekuja anabiringisha tairi, na mnajua tairi ni la nini. Hapo sicheki, nawaambia kweli. Nimewahi kuona tairi linavyotumika na sitaki kuona tena. Kidawa alikaa chini, amekumbatia magoti, pete iko ndani ya ngumi. Wangemwangukia pale, yeye na pete wangezikwa kwenye matope ya soko.

Tunu akatoa filimbi shingoni. Akaipuliza mpaka mbwa wa buchani wakalala chini. Kisha akatoa ile sauti.

"SIMAMA!"

Nusu ya soko lile ilikuwa imepita mikononi mwake darasa la pili. Wakasimama. Wengine waliweka mikono ubavuni bila kujua. Jamaa wa tairi akasema, "Ndiyo, mwalimu."

"Huyu ni wa msafara wetu!" akasema Tunu. "Ndiye mbeba sinia! Pete ya posa hubebwa na wanne, hamjui desturi?"

Desturi hiyo haikuwepo. Ilizaliwa dakika ileile. Tunu akamwinua Kidawa, akaiweka pete juu ya asumini, akamtwika sinia. "Nyinyi wenye mawe, tupeni mawe, okoteni makopo mpige ngoma! Kina mama, vigelegele! Mstari mmoja!"

Basi kundi lililokuja kuua likawa kundi la harusi. Jamaa wa tairi alilipiga kama dumbaki, na walioshuhudia wanasema alijua kupiga. Na mbele yao wote alikwenda Kidawa, sinia kichwani, na ile pete inameta juu ya maua. Mwizi hata mmoja hakuigusa, maana wezi wote wa Mvinjeni walikuwa kwenye mstari, wanaimba.

Bibi Mize alikuwa mlangoni. Wazee wa magodoro walikuwa barazani na katoni yao ya biskuti. Mwadhini alikuwa ameshakohoa kwenye kipaza sauti, na kila mtu anajua akishakohoa kinachofuata. Kidawa akapiga magoti, akaichukua pete kwa mkono wake, akaiweka mkononi mwa Bibi Mize. Bibi akaigeuza, akaitafuta nyota, akaiona, akaibusu.

"Ndiyo yenyewe. Shoga yangu huyu." Kisha akamtazama Kidawa. "Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Mbeba sinia," akadakia Tunu, na adhana ikaingia.

Wazee wa magodoro wakaondoka na biskuti zao. Shafii akamuoa Nasra. Mwaka haujaisha, Nasra akajifungua salama, mtoto wa kike.

Sasa tufike kwenye kesi.

Siku ya saba mbuzi amechinjwa, pilau limepakuliwa, wageni wamejaa. Maalim akamchukua mtoto mapajani, akauliza, "Haya, jina?" Bi Zamda akafungua kinywa. Kisha akakifunga, kwa sababu Mwanahawa, Saumu na Tunu walikuwa wamesimama wote kwa pamoja.

Mwanahawa akasema, "Mtoto ni Mwanahawa. Aliyeiondoa pete kwenye sinia nani? Mimi. Ingebaki juu ya asumini, ingeondoka na mwizi wa kwanza, na hakuna ambaye angejua hata mwizi ana sura gani. Nimetoa pazia langu kwa ajili ya ndoa hii, na mpaka leo jirani ananiona nikivaa."

"Shangazi," akasema Tunu, "wewe ndiye uliyewaonyesha wezi pete ilipo, kwa kugusagusa."

"Na wewe uliyewaimbia?"

Saumu akasema taratibu, "Mtoto ni Saumu. Mkoba ulikwenda, pete ilikwenda, akili zenu zote mbili zilikwisha. Nani aliirudisha? Salamu zangu. Kidawa hakunipa mimi pete kwa filimbi wala kwa pazia."

"Salamu zako ndizo zilizotusimamisha tukachanwa mkoba," akasema Mwanahawa. "Tungekuwa tunatembea kama watu, tungefika na kila kitu."

Tunu hakupunguza sauti, na mtoto akaamka. "Mtoto ni Tunu! Pete iliyorudi ingekanyagwa palepale pamoja na aliyeirudisha. Watu mia wenye mawe, nani aliwasimamisha? Kuna mtu angekufa siku ile. Nyinyi mmeokoa pete. Mimi nimeokoa pete na roho."

Watu wakaguna, wakatazamana. Na hapo mlangoni pakatokea mtu mwenye baibui safi, ameshika kofia ya mtoto aliyoifuma mwenyewe. Alikuwa Kidawa, amealikwa na Saumu. Ukumbini mikono yote ikaenda mahali pake: huyu kagusa mfuko, huyu kagusa pochi, na Shangazi Mwanahawa akaukalia mkoba wake mpya.

Kidawa akaona, akacheka kidogo. "Kila siku nawaona mnafanya hivyo. Nyinyi wenyewe ndio mnaotuonyesha."

Hakuna aliyecheka naye. Akasogea mpaka alipo Maalim.

"Sikuja kudai," akasema. "Nimekuja kumwona mtoto. Lakini nimesikia mkihesabiana, na mimi nina hesabu yangu. Nisingeuchana ule mkoba, pete ingekwenda na pikipiki, na kule hasalimiwi mtu wala haisikilizwi filimbi. Ilikuwa salama kifuani kwangu. Na Bi Zamda aliapa, atakayeifikisha mkononi mwa Bibi Mize. Mikono iliyoifikisha ni hii."

"Mikono ya mwizi!" akasema Mwanahawa. "Tumpe mtoto wa watu jina la mwizi? Uliichukua ili uiokoe wewe, au uiuze?"

"Niiuze," akasema Kidawa. "Sikuwa na nia nyingine, sitawadanganya." Akaishika ile kofia kwa mikono miwili. "Tangu siku ile sijashika wembe. Mnaweza msiamini, hata mimi asubuhi nyingine siamini. Lakini jina langu, ndugu zangu, toka nina miaka kumi na tano nalisikia linaitwa nikiwa nakimbia. Nilitaka nilisikie mara moja linaitwa mtu aje kula."

Mwanahawa akatazama chini, akaipangusa pua kwa pembe ya mtandio, lakini mkoba hakuuachia. Saumu alikuwa analia waziwazi. Tunu akaivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni.

Bi Zamda akamtazama Bibi Mize amsaidie. Bibi Mize akasema, "Mimi nilikuwa mlangoni tu. Aliyeapa ni wewe."

Nasra akasema, "Nyinyi amueni. Mtoto wangu ana siku saba anaitwa 'huyu.'"

Na Bi Zamda alikuwa ameapa kwa Mungu, hawezi kurudi nyuma, na jina ni moja na mtoto ni mmoja. Huwezi kulikata jina vipande vinne kama mkate wa kumimina.

Hapo ndipo nilipofika mimi, na hapo ndipo nawaachia, maana mimi nimeshachoka na kesi ya watu. Yuko aliyeificha pete na mkono wake ukaitangaza. Yuko aliyeirudisha kwa salamu, na salamu hizohizo ndizo zilizoipoteza. Yuko aliyeita wezi kwa wimbo na akazuia mauaji kwa filimbi. Na yuko aliyeiiba, akaiokoa kwa kuiiba, akaifikisha kwa mkono wake mwenyewe. Maalim ameinama, sikio lake liko karibu na kinywa cha Bi Zamda, pilau linapoa, na mtoto ameanza kulia.

Basi nyinyi mlionisikiliza, na wewe unayejigusa mfuko hapo mbele nakuona: nani alistahili? Mtoto huyu, akiitwa aje kula, aitwe nani?